Kisangani Ina Wenyewe

Jumatatu ya tarehe 5 Juni 2000 majeshi ya nchi mbili yalianza kupigana ndani ya mji wa nchi ya tatu. Uganda na Rwanda, zilizokuwa zimeingia Kongo bega kwa bega, ziligeuziana mizinga katikati ya Kisangani, na kwa siku sita hazikusikia la mtu. Wakazi wa mji wanaviita hadi leo Vita vya Siku Sita. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda baadaye kutathmini hasara ulikadiria kwamba makombora zaidi ya 6,600 yaliuangukia mji, raia zaidi ya 760 waliuawa na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Miaka kumi ikapita. Ripoti nyingine ya Umoja huohuo, iliyokusanya maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, ikaandika kwamba waliokufa ni kati ya 244 na 760.

Ukitoa namba moja kwenye nyingine unabaki na watu 516. Kila nikifika hapo kwenye ripoti hushindwa kuendelea kwa muda. Jeshi lina stoo na lina karani wa stoo, na sanduku la risasi halitoki bila sahihi. Watu 516 wa Kisangani, kila mmoja akiwa na mama yake na jirani yake, wanaweza kuwamo kwenye karatasi moja na wasiwemo kwenye nyingine, na dunia ikaendelea na shughuli zake. Mtu anayepigana kwenye mji usio wake hana haja ya kujua nani alikuwa akiishi humo.

Siku zile, huku kwetu Tanzania, habari zilitufikia kwa redio. Jioni watu walikusanyika vijiweni kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na taarifa ikiisha ubishi ulianza. Wapo waliosema Wanyarwanda wana nidhamu na hawatatoka. Wengine walisema Waganda wana zana nzito na watawasukuma mpaka mtoni. Fundi baiskeli mmoja wa mtaani, mtu asiyependa maneno mengi, aliuliza wenye Kisangani wako wapi katika hayo yote. Hakuna aliyemjibu. Mjadala ulirudi kwenye mizinga. Swali lake ndilo limenifanya nisome habari za mji huo kwa miaka hii yote, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba hakuna aliyewahi kuliuliza mahali ambapo lingeleta tofauti.

Kisangani si kijiji cha mpakani. Meli zinazopanda Mto Kongo kutoka Kinshasa husafiri kilomita zipatazo 1,700 na kukomea pale, kwa sababu mbele kuna maporomoko ya Boyoma. Hapo ndipo Wagenya husimika miti mikubwa katikati ya maji yaendayo kasi na kutundika madema yao ya kuvulia samaki, kazi inayotaka kifua na akili pamoja. Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta katika mji huo kabla ya kuwa mwanasiasa. Anayeushika mji ameushika mto, na anayeushika mto anaweza kusema na Kongo yote. Kwa sababu hiyo kila mwenye bunduki ameutamani. Mwaka 1887 Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, alimteua Tippu Tip, tajiri wa Zanzibar aliyefanya biashara ya pembe na watumwa, kuwa liwali wa eneo hilo. Kiswahili cha Kisangani kilifika na misafara ya namna hiyo, na sisi tunaojivunia jinsi lugha yetu ilivyoenea tukumbuke kwamba kule ilifika ikiwa imefuatana na bunduki. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushika mji na kuwaweka mateka wageni, mpaka askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua Novemba mwaka huo. Mwaka 1967 mamluki wakaasi humo. Kila kizazi cha Kisangani kina vita vyake vya kusimulia.

Sasa hao waliopigana mwaka 2000 walikuwa nani? Walikuwa ndugu wa silaha. Paul Kagame wa Rwanda alikuwa msituni pamoja na Yoweri Museveni wa Uganda mpaka jeshi lao lilipoingia Kampala Januari 1986. Wapiganaji wa RPF, kundi lililokuja kuongozwa na Kagame, walioingia Rwanda Oktoba 1990 kwa sehemu kubwa walitoka ndani ya jeshi la Uganda. Walikula sahani moja. Mwaka 1996 walimsaidia Laurent-Désiré Kabila kumwondoa Rais Mobutu madarakani, Kisangani ikaanguka mikononi mwao tarehe 15 Machi 1997, na baada ya miezi miwili Mobutu alikuwa ameshakimbia. Agosti 1998 wakamgeuka Kabila mwenyewe, na kabla ya mwezi kwisha Kisangani ilikuwa yao tena, safari hii kwa jina la waasi wa RCD.

Waasi hao nao walipasuka mwaka 1999. Kundi moja lilibaki Goma likishikwa mkono na Rwanda. Lingine lilikuwa chini ya Profesa Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alihamia Kisangani na kulindwa na Uganda. Mkataba wa amani wa Lusaka ulipotiwa sahihi na serikali husika Julai 1999, ukazuka ugomvi kuhusu nani atie sahihi kwa niaba ya RCD. Agosti mwaka huo majeshi mawili rafiki yalipigana Kisangani kwa siku chache. Yakapatanishwa. Tarehe 5 Mei 2000 yakapigana tena, wakati mabalozi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa wakiwa ziarani katika ukanda wetu. Yakapatanishwa tena, yakakubali kuuacha mji bila majeshi. Mwezi mmoja baadaye yalikuwa yanafyatuliana makombora juu ya paa za watu.

Sababu iliyotolewa kwa ulimwengu na nchi zote mbili, tangu zilipoingia Kongo, ilikuwa usalama wa mipaka yao. Sipuuzi hofu hiyo. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 na wauaji wengi walikuwa wamekimbilia Kongo, na Uganda ilikuwa na waasi waliojificha kwenye milima ya Rwenzori. Lakini chukua ramani upime. Kutoka Kisangani hadi mpaka wa Uganda au wa Rwanda ni zaidi ya kilomita 500 kwa mstari ulionyooka, na katikati ni msitu. Kilichokuwa karibu na makamanda wa Kisangani ni almasi, na maduka ya kununulia almasi yaliyokuwa yamejipanga katikati ya mji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza uporaji wa mali ya Kongo walionyesha kwamba Uganda na Rwanda, ambazo hazichimbi almasi, zilikuwa zinauza almasi nje ya nchi katika miaka hiyohiyo.

Hapa ndipo nimepata somo ambalo limenisaidia hata kwenye mambo madogo ya maisha. Watu wawili wakishirikiana kuchukua kisicho chao, ugomvi wao umeshaanza siku hiyohiyo, hata kama utachukua miaka kujitokeza. Kila mmoja ameona jinsi mwenzake alivyomtendea mwenye mali. Amemwona akiahidi na kuvunja, akicheka na mtu mchana na kumpora usiku. Basi kwa nini aamini kwamba yeye atatendewa tofauti? Kampala na Kigali hazikuwa na haja ya majasusi kujua mwenzake ana uwezo wa kufanya nini. Zilikuwa zimeshaona zikiwa pamoja, kwanza juu ya Mobutu, kisha juu ya Kabila. Nimewahi kualikwa kwenye biashara zenye faida nzuri ambazo faida yenyewe ilitoka kwenye kumzunguka mtu fulani asiyekuwapo mezani. Nimekataa, na sababu yangu haikuwa uchamungu peke yake. Nilikuwa natazama nyuso za walionialika nikijua kesho asiyekuwapo mezani ni mimi.

Miaka kadhaa baada ya vita, nikiwa Kigoma kikazi, nilifahamiana na mama aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Alizaliwa na kuolewa Kisangani, upande wa Tshopo, si mbali na daraja la mto wenye jina hilo. Daraja hilo lilikuwa roho ya vita: Waganda walikuwa kaskazini yake, Wanyarwanda katikati ya mji, na mitaa ya Tshopo, Makiso na Mangobo ikawa njia ya makombora. Aliniita mwanangu, nami nikamwita Mama, na kwa muda mrefu tulizungumza bei za vitenge tu. Siku aliyoamua kusimulia, alisimulia akiwa anakunja nguo, bila kuinua macho.

Jumatatu ile mwanawe wa pili alikuwa ameshakwenda shule. Milio ilipoanza alidhani ni ile ya kawaida, ya mwezi uliopita, itakayokwisha kabla ya jua kuzama. Haikwisha. Yeye na waliobaki nyumbani walilala kwenye korido, kwa kuwa haikuwa na dirisha. Umeme ukakatika, maji yakakatika. Siku ya tatu walianza kuyapima maji kwa kikombe cha chai. Jirani yao aliyetoka kutafuta maji alirudishwa uani kwake amekufa, akazikwa hapohapo, shimo fupi, bila sala ndefu, kwa sababu waliokuwa wakichimba walilazimika kulala chini kila mara. Mwanawe alimpata baada ya mapigano kutulia, akiwa hai, amejificha na wenzake na mwalimu mmoja. Sikumuuliza mtoto alikula nini siku zote hizo. Naye hakusema.

Jambo moja alilirudia mara mbili. Askari walipopita karibu na nyumba yake aliwasikia wakiamrishana kwa Kiswahili, na hakuweza kujua ni wa upande upi. Jeshi la Uganda limekuwa likitumia Kiswahili kwa miongo mingi, na maofisa wengi wa Rwanda walikulia ndani ya jeshi hilo. Yeye mwenyewe, mlalaji wa korido, alikuwa akielewa kila amri. Alielewa walipoambiana wasogee, wapakie, wapige. Alisema angependa kama wangekuwa wanasema lugha asiyoijua, kwa maana angeweza kujiambia kwamba hawakumwona. Lakini watu wanaosema lugha yako wanajua kubisha hodi, na hakuna aliyekuja kubisha hodi kumwambia, Mama, toka na watoto wako, hapa patakuwa na vita.

Nimehudhuria misiba ambapo ndugu wa marehemu waligombana sebuleni kuhusu nyumba, sauti zikipanda, huku mjane amekaa eda chumba cha pili akisikia kila neno. Kila ndugu alikuwa na hoja yake: huyu alitoa mchango wa bati, yule alimlea marehemu. Baadhi ya hoja zilikuwa za kweli. Hakuna hata mmoja aliyeingia chumba cha pili kumuuliza mjane ana watoto wangapi shuleni. Mkataba wa kusitisha mapigano wa Mei 2000 niliposoma habari zake niliona sebule ileile. Majenerali walikubaliana nani arudi nyuma kilomita ngapi, na wenye mji hawakuwa na kiti. Nafikiri makubaliano hayo yalivunjika kwa urahisi kwa sababu hiyo pia. Aliyetia sahihi hakuwa na cha kupoteza pale, na ambaye angepoteza kila kitu hakuwa na mahali pa kutia sahihi.

Tukizungumza mambo haya kwa Kiswahili, hatukawii kufikia methali: fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Nimeisikia ikitajwa juu ya Kisangani mara nyingi, na anayeitaja hutikisa kichwa kwa huzuni. Sikubaliani nayo hapa. Fahali hana kosa akikanyaga nyasi, ndivyo alivyoumbwa. Majenerali hawakuumbwa hivyo. Kila kombora kati ya yale 6,600 lilitaka mtu alipakie, mtu alielekeze na mtu atoe amri, na kila mmoja wao aliweza kuona kwamba mbele yake kuna mji. Nyasi nazo hazina majina, hazizikani, wala haziendi mahakamani. Watu wa Kisangani walizikana. Kila mwezi wa Juni wanakumbuka wafu wao. Waliorodhesha nyumba zao zilizobomoka, wakataja kanisa kuu la Notre-Dame lililopigwa, wakataja shule na hospitali, wakasubiri kwa miaka mtu wa kuwasikiliza. Methali inayowaita nyasi inawasamehe waliopiga kabla hata hawajaomba msamaha.

Nani alishinda? Tarehe 10 Juni Waganda walianza kuvuka kurudi kaskazini ya Mto Tshopo, na katikati ya mji wakabaki Wanyarwanda. Kijeshi, basi, Rwanda ilishinda. Lakini tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likazitaka nchi zote mbili ziondoke Kongo na kulipa fidia kwa maisha ya raia na mali iliyoharibiwa Kisangani. Vita vile viliamua jambo kubwa kuliko nani ashike daraja. Viliifuta hoja ya usalama wa mipaka. Baada ya Juni 2000 hakuna aliyeweza tena kusema kwa uso mkavu kwamba majeshi yale yalikuwa Kongo kuwafukuza waasi, wakati yalikuwa yamemaliza silaha zao yakipigana yenyewe kwa yenyewe, mamia ya kilomita ndani ya nchi ya watu.

Kwa wenye mji, ushindi wa upande wowote haukuleta nafuu. Kundi la RCD la Goma liliendelea kuutawala, ingawa Umoja wa Mataifa ulitaka mji usiwe na majeshi. Tarehe 14 Mei 2002 baadhi ya askari na polisi waliasi dhidi ya kundi hilo. Wakuu wa RCD wakaleta vikosi kutoka Goma, na watu wengi, askari na raia, wakauawa. Baadhi waliuawa usiku juu ya daraja lilelile la Tshopo na miili yao ikatupwa mtoni. Yule mama wa vitenge aliondoka Kisangani mwaka huo. Alisema angeweza kuishi na kumbukumbu ya makombora, ila hakuweza tena kuvuka lile daraja kwenda kwa dada yake.

Haki ilichelewa, ikaja nusu. Kongo iliishtaki Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Desemba 2005 mahakama ikaamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa. Februari 2022, miaka 22 baada ya vita, ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara yote iliyoyafanya Kongo: milioni 225 kwa ajili ya watu, 40 kwa mali na 60 kwa maliasili, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Uganda ilianza kulipa mwaka huohuo. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda haikufika kamwe kwenye kiini chake, kwa kuwa mwaka 2006 mahakama ilisema haina mamlaka juu yake. Kwa hiyo mwenye nyumba iliyobomolewa mtaani Tshopo ana mdaiwa mmoja aliyehukumiwa na mwingine asiyeguswa, wakati kombora lililopita kwenye paa lake halikuwa na cheti cha uraia.

Na hata hiyo nusu imeliwa njiani. Serikali ya Kongo iliunda mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao Kisangani, ili kuwagawia waathirika fedha za Uganda. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu kwa tuhuma juu ya dola milioni 19 za mfuko huo zilizotolewa kwa mradi wa kujenga gereza mjini humo, na Septemba akahukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu. Nimeisoma habari hii kwa uchungu kuliko zote. Wageni walipigana sebuleni, kisha mwenye dhamana wa nyumba yenyewe akatia mkono kwenye pesa ya rambirambi.

Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inakaa meza moja na Uganda na Rwanda, na sisi Watanzania tuko hapo, na makao makuu yako Arusha kwetu. Nawaomba wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki wawaite Arusha watu wa Kisangani, wajane na mayatima wa Juni 2000, wawape kiti na maikrofoni, wawasikilize kwa Kiswahili bila mkalimani. Wakishawasikia, waiulize Kinshasa fedha zilizokwisha kulipwa zimewafikia waathirika wangapi, na waiulize Kigali italipa lini. Azimio namba 1304 liliitaka ilipe, na hadi leo haijalipa.